Sikio la Kushoto

Kaa kushoto kwangu, namwambia kila mgeni,
kulia kuna upepo tu.
Miaka thelathini katika karakana ya meli, Gdańsk,
nilidhani watu wote husikia kwa macho:
midomo ya Wiesław, mabega ya msimamizi,
kicheko nikikidaka nukta moja baada ya wenzangu.

Mabirika nimeunguza tisa. Nimeyahesabu.
Funguo zilikutwa kwenye friji, juu ya jibini.
Kiganja ndicho daftari:
bolti, saa nane, mpigie mama.
Bolti sikuzisahau kamwe.
Mama, mara nyingi.

Lakini nionyeshe ufa mwembamba kama unywele
ndani ya chuma,
nami nitasahau mlo, usiku, jina langu,
mpaka niufikie mwisho wake.
Hivyo ndivyo nilivyopanda hadi ofisi ya juu.
Huku wananiita Bi Bogumiła, mtu makini.
Walimu waliniita mtoro asiyetoka darasani.

Jana kliniki, nikimjazia mjukuu fomu,
maswali ishirini,
kalamu ikasita kwenye la saba.
Nikarudi la kwanza,
nikajibu upya, safari hii kwa ajili yangu.

Daktari akasema neno.
Rudia, nikamwambia,
upande huu.