Mtu wa Chini

Kwenye tangazo lililobandikwa ukutani Kirumba
utaona uso wa Nyanzobe na mikono ya Bituro iliyomrusha.
Mimi ni yale mabega mawili
yaliyokatwa na ukingo wa karatasi.

Sisikitiki. Kazi ya msingi ni kufukiwa.

Mchana nabeba magunia ya dagaa pale Mwaloni.
Gunia halina woga,
halitetemi nyayo karibu na sikio lako,
haliulizi, "Ndalahwa, umeshika?"
Usiku nabeba watu wanne
ndani ya ghala la zamani la pamba, Igogo,
ambalo ukuta wake wa upande wa ziwa ulianguka
na Mwalimu Mugeta akasema: vizuri, hapo ndipo pazia.

Mchezo wenyewe unamhusu furu.
Wewe uliyezaliwa juzi humjui furu,
samaki wa kutosha kiganja cha mtoto,
rangi zake hazikuwa na idadi.
Bibi yangu aliwaita kila mmoja kwa jina
mpaka sangara alipokuja na tumbo lake.
Sangara wetu ni vijana saba walioshikana viuno,
wanabiringika jukwaani kama gogo lenye meno.
Kokoro ni nyavu halisi, kuukuu, imefungwa kwenye kenchi,
na Nyanzobe, furu wa mwisho,
hapiti chini yake. Anatupanda sisi:
goti, paja, nyonga, bega, bega la pili,
hadi kule juu lilipo tundu moja.

Sasa, Mugeta si mtu wa kuridhika.
Aliposikia kwamba niliwahi kuimba besi kanisani
akaamua wimbo uimbwe na aliye chini.
Nikamwambia, Mwalimu, pumzi ni moja,
ama nibebe ama niimbe.
Akaelekeza kidevu kule ukuta usipokuwepo:
"Mbona lile linafanya yote mawili?"

Miezi mitatu nikalia kama beberu.

Usiku wa kwanza watu walifurika.
Muuza mihogo aliligeuza beseni lake likawa kiti.
Minza akaning'inia kushoto, Shija kulia,
Bituro juu ya mabega, Nyanzobe juu ya Bituro.
Nikafungua mdomo,
na wadudu wa ziwa wakaingia.

Si wachache. Ule moshi unaosimama majini,
mgeni akiuona hudhani meli inaungua,
ulifuata taa zetu ukapita penye pazia.
Wakaingia machoni, wakaingia puani,
wakaliingia neno "maji" nikiwa bado kwenye "ma".

Mikono yangu ilikuwa na vifundo vya Bituro.
Ningekohoa, wanne wangeshuka kwa pamoja.
Basi nikameza.
Nikaimba, nikameza, nikaimba,
vina vikapotea, sauti ikawa na mchanga,
na huko juu Nyanzobe akaanza kucheka.
Sikukisikia kicheko. Kilinijia kwa miguu,
kikashuka magoti ya Bituro
kikanitekenya shingoni.

Watazamaji walisimama. Walidhani tumewapanga.
Mtoto mmoja akapiga kelele, "Furu wamerudi!"
maana kwenye mwanga kila mdudu alikuwa na rangi yake,
na kila mmoja ana usiku huu tu.

Mtu wa chini haoni mruko. Anausoma kwa mizani.
Bega likawa jepesi ghafla,
nikajua ameondoka.
Moja.
Mbili.
Mbili na nusu, na hakuna sauti,
hata ziwa lilinyamaza, au mimi niliziba.
Kisha puu! magodoro ya bweni,
na ghala zima likapumua mdomoni mwangu.

Asubuhi, Mwaloni, gunia la kwanza begani,
koo kavu, ulimi ungali na ladha ya mabawa,
nikajikuta naimba.
Mpima mizigo aliacha kalamu hewani,
akatazama gunia, akatazama juu ya gunia,
akauliza,
"Nani yuko huko?"