Sabuni ya Msonobari

Turku, Januari. Jua lilichungulia saa nne,
likaona theluji, likaghairi.
Mimi niko chumba cha chini, nimevaa makoti mawili,
la sufu ndani, la maabara juu,
na mbele yangu mirija sita ya kirusi cha mafua,
kilichokuzwa mayaini, kikauawa kwa fomalini:
maiti yenye sura kamili.

Nusu naiacha ilivyo.
Nusu naitia sabuni.

"Si sabuni," ananisahihisha Profesa Hyvärinen,
"sema kiyeyusha mafuta."
Haya. Lakini mikono yangu haijui tofauti.
Ilijifunza kazi hii gatini, kwenye mto Aura,
kila Juni, kando ya shangazi Lempi,
mazulia ya matambara yametandazwa juu ya mbao,
sabuni ya msonobari, nyeusi kama asali iliyoungua,
naye akisema: Sugua, mtoto.
Uchafu ni mafuta tu yaliyosahau njia ya kutokea.

Kirusi nacho kimevaa mafuta.
Kanzu kilichoiiba kwenye seli kikitoka,
kikaishonea miiba yake pande zote.
Tone la sabuni, mtikiso wa saa nzima,
na kanzu haipo.
Miiba, ikikosa pa kusimama,
hushikana miguu kwa miguu, ikawa vinyota.
Niliviona kwa hadubini ya elektroni
nikasahau kula chakula cha mchana.
Na ule uzi wa ndani, ulioandikwa maagizo yote,
ulikwenda na maji ya kusuuzia.

Panya wachanga, weupe, wasiojua mafua.
Hawa kirusi kizima. Wale kilichofuliwa.
Siku ishirini na nane, kisha damu,
kisha sahani yenye visima, na chembe za damu ya kuku:
penye kingamwili zinatuama, kifungo chekundu;
pasipo na kitu zinatandaa kama shuka.

Kizima: vifungo, vifungo, hadi kisima cha saba.
Kilichofuliwa: viwili. Kisha shuka.

Miiba ile ile! Kipimo kile kile,
nilikipima mara tatu.
Profesa akasema rudia. Nikarudia.
Shuka.

Nikampigia simu shangazi Lempi, nikamweleza kwa lugha ya mazulia.
Akanyamaza, akanywa kahawa, nikaisikia.
"Umetoa uchafu," akasema, "na rangi nayo umeitoa."

Labda ni ule uzi.
Labda ndio unaopiga ukelele ndani ya seli, Mwizi! Mwizi!
na vinyota vyangu, vizuri, vimya,
vinapita mlangoni kama wageni wa harusi
na hakuna anayewauliza jina.

Lakini kulikuwa na kizimba cha tano,
panya wazee waliougua vuli ile wakapona.
Nao niliwapa kilichofuliwa, kwa kukamilisha daftari tu.
Kisima cha sita. Cha saba. Cha nane.
Nilikaa kitini.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.
Na asiyeumwa je?
Kwake ung'ongo ni ung'ongo. Atausukia mkeka.

Mwezi wa kumi dada yangu Sirkka alimpeleka Eemeli kliniki,
miezi minane, shavu moja jekundu kwa meno.
Aliniuliza ukumbini: "Ni ile inayoleta homa, au iliyofuliwa?"
"Iliyofuliwa."
"Afadhali. Basi moja yatosha."
"Haitoshi. Mtamrudisha baada ya wiki nne."
Akanitazama kama muuza duka anayetaka kuuza viwili.

Eemeli alichomwa paja la kushoto.
Alishangaa zaidi kuliko kulia,
akamtazama muuguzi Raili, koti lake, kikapu cha pamba,
akarudi kutafuna kidole.

Wiki nne baadaye
alianza kulia mlangoni.