Fremu Kwanza

Naike alinijia gereji na karatasi ya daftari
iliyokunjwa mara nne kama barua ya posa.
Ndani: bei, wati, majina nisiyoyajua,
na chini kabisa, kwa wino mwekundu,
laki tatu na ishirini.
Ndizo zote. Za kuuza mayai, za kusuka watu Jumamosi,
na noti moja ya shangazi yake wa Kiboriloni.

Nikamuuliza: ya gemu?
Akajibu: ya gemu, baba, na ya masomo.
Ile "na" niliisikia ikichechemea.

Dukani kwa Kiwelu, nyuma ya stendi,
kompyuta zilikaa kwenye foleni kama wagonjwa wa nje.
Zimetoka ofisi za ng'ambo,
nyingine bado zina vibandiko vya watu
ambao hawatajua kamwe kwamba Moshi ipo.
Kiwelu akaweka mkono juu ya moja nyembamba, nyeusi, inayong'aa.
"Hii ya kisasa. Haili nafasi,
unaisimamisha mezani kama kitabu."

Binti yangu akachomoa bisibisi mfukoni mwa shati langu,
hakuniomba,
akafungua ubavu, akachungulia, akafunga.
"Kadi ya picha itaingilia wapi?
Na pawa saplai yake ina umbo la kwao peke yao.
Siku ikifa, tunazika na nyumba nzima."
Kiwelu akacheka,
kicheko cha muuzaji aliyefunuliwa chungu.

Kwenye kona palikuwa na jingine.
Kasha kubwa, limekwaruzwa, mguu mmoja haupo,
juu yake mtu ameweka chupa ya chai.
Naike akaiondoa chupa.
Ndani, vumbi la miaka na nafasi,
nafasi kama ya nyumba ambayo haijapigwa lipu:
vitobo vinne vya kumbukumbu, viwili vitupu,
mdomo mrefu wa kadi ukisubiri,
na pawa saplai ya kawaida, skrubu nne,
hata ya kutoka Arusha itakaa.
"Wati mia tatu," alisema. "Ndogo. Lakini inabadilishika."

Hapo ndipo nilipoelewa, mimi
niliyeziba pancha Pasua miaka ishirini na mitatu.
Mteja asiyejua huanza kupiga kengele.
Anayejua hugonga fremu kwa kidole na kusikiliza.
Tairi utabadilisha, cheni utabadilisha,
tandiko utalitafuta hata Mbuyuni kwa mafungu;
fremu iliyopinda itakupinda na wewe.

Kiwelu alianzia laki tatu kasoro kumi.
Tulimaliza laki mbili na sabini na tano,
pamoja na kibodi isiyo na herufi Q.
Nikasema Kiswahili hakiihitaji.
Naike akasema gemu inaihitaji.
Kiwelu akaongeza kipanya ili tuondoke.

Elfu arobaini na tano zilirudi kwenye ile karatasi.
"Mbegu ya kadi," alisema, akaikunja mara nne.
Tulilifunga kasha kwenye keria kwa mpira wa tairi,
mimi nikisukuma, yeye akilishika kama mgonjwa asianguke.
Mlima haukuonekana, na hatukuutafuta.

Usiku likawaka. Feni lilinguruma kama kinu cha Majengo,
mama yake akauliza kama litapaa.
Kijana mmoja akatokea kiooni,
akakimbia kwenye uwanda wa kijani,
jua kali, miti bila majani ya maana.

"Mbona hana kivuli?"

"Nimekizima, baba. Kivuli kinakula nguvu.
Tutakiwasha kadi ikipatikana,
labda mwezi wa sita."

Nikakaa kumtazama yule kijana akikimbia,
mwepesi, hadaiwi hata na jua.

Siku hizi kila pancha natoa mia tano, naitia kwenye kopo la grisi.
Sijamwambia.
Juu ya kopo nimeandika kwa msumari: KIVULI.
Wateja wanadhani ni jina la dawa.