Kitabu Nilichokunyang'anya

Nyemo wa kidato cha pili,
nilikikuta chini ya godoro lako, kimeviringishwa kwenye khanga,
nikakibeba kama ushahidi.

Saa nane usiku, upepo wa Mpwapwa ukikwaruza mabati,
mimi matroni, mwenye funguo zote kiunoni,
niliamka mara tatu kwenda kujaribu komeo.

Mwandishi huyu hamwagi damu hata tone.
Ana binti tu, anayehesabu pumzi za waliolala bwenini,
na kila usiku inazidi moja.

Ukurasa wa tisini umelegea, sikatai.
Lakini ule mwisho!

Njoo ukichukue.
Sitakuchapa.
Ila ninong'oneze, mwanangu:
ile pumzi ya ziada,
wewe umeanza kuisikia lini?