Usikate Hadi Chini

Injini ya Baba ina urefu wa kiganja changu na kidole kimoja juu.
Bodi yake ni bati la kopo la maziwa ya unga;
ukiinama upande wa kushoto bado unasoma, chini ya rangi,
*koroga vizuri.*
Aliiunda mwaka ule walipofunga dirisha la tiketi stesheni ya Tororo,
akarudi nyumbani na nyundo yake ya mpini mrefu,
ile aliyogongea magurudumu miaka thelathini na mmoja.
Gurudumu zima huimba, hupenda kusema. Lenye ufa hukohoa.

Sasa masikio yamekwenda likizo isiyo na barua ya kurudi.
Tunamwandikia kwenye daftari. Au tunamgusa bega.

Mota ya zamani niliitoa Jumamosi, umeme umekatika,
kwa mwanga wa simu niliyoibana kwa meno.
Mota ya redio ya kaseti: brashi zimelika hadi kwenye shaba,
sumaku imechoka, hata pini haibebi,
na ile harufu ya nywele zilizopitiwa na moto.
Mabehewa mawili ilivuta. La tatu, kwenye mwinuko
alioujenga kwa vitabu vyangu vya hesabu vya darasa la sita,
ilinguruma, ikatetema meza nzima,
ikarudi nyuma kama mlevi anayeutafuta mlango.

Mpya imetoka kwenye printa iliyofia ofisini kwa wakili:
shilingi elfu nne na ahadi ya soda.
Mhimili wake ni mwembamba kuliko tundu la gia;
nikakata mrija wa kalamu, nikauvisha,
ukabana kama soksi mpya.
Kitako kikagoma kukaa. Tupa, nusu milimita. Kujaribu. Nusu tena.
Risasi ya betri kuukuu nikaiyeyusha iwe uzito,
maana nguvu isiyo na uzito ni kuteleza tu.
Waya mwekundu, waya mweusi; nikazikosea,
ikaondoka kinyumenyume. Nikageuza.

Mabehewa manane!
Mwinuko wote, bila kuhema,
kimya, paka juu ya zulia.

Nikamwita. Akaweka kiganja mezani kama kawaida yake,
akafumba macho, akangoja.
Treni ikapita mbele ya pua yake mara tatu.
"Washa," akasema.

Nikaandika: *Inakwenda.*

Akafumbua, akaiona ikizunguka na mkia wake mrefu,
akatikisa kichwa kwa adabu,
kama mgeni aliyepakuliwa chakula kizuri
cha nyumba isiyo yake.

Usiku ule nikaifukua ya zamani kutoka kwenye kopo la misumari.
Nilikuwa nimeshika bisibisi alipoingia
na kipande cha msumeno wa chuma, ncha moja imefungwa kitambaa.
Akaichukua ile mota mkononi mwangu,
akainusa, akairudisha koponi.
"Hii ilikuwa inaumwa tu," akasema, kwa sauti kubwa
ya mtu asiyejisikia. "Treni haisemi. Reli ndiyo husema.
Nyafwono, kata hapa. Na hapa.
Kila urefu wa kiberiti. Usikate hadi chini,
umeme utakosa njia."

Tukakata mpaka majogoo ya jirani.
Mikato arobaini na minne kila upande,
vumbi la chuma kwenye kucha, kwenye chai.
Yeye akapima, mimi nikakata; mara mbili akanipiga mkono
nilipozidisha.

Kisha nikawasha.
Ta-ta. Ta-ta. Mimi nilisikia kidogo sana,
mithili ya mvua inayofikiria kuanza.
Yeye aliweka kiganja mezani, kisha cha pili,
kisha akalaza shavu juu ya mbao.

Mzunguko wa kwanza hakusema kitu.
Wa pili pia.

"Behewa la tano," akasema. "Gurudumu la nyuma.
Linakohoa."

Nikasimamisha, nikalipindua chini ya taa.
Tone la risasi, dogo kuliko punje ya ulezi,
limeganda ukingoni.