Uzi wa Nne

Kibanda cha Thora Isbister kilikuwa cha mashua,
sasa ni cha watoto wasioonekana.
Taa nyekundu usiku kucha, mchana kutwa,
chupa zimepangwa rafuni, zinatoa povu.
"Wekundu huu unawazuia kuoana," ananiambia.
"Wanakua tu, wanangoja. Nimewangojesha miezi saba."
Dume na jike la mwani, chini ya darubini:
vumbi la hudhurungi ambalo ungelipangusa kwa upindo wa kanga
usijue umefyeka msitu.

Septemba tunabadilisha taa. Nyeupe.
Siku kumi, vumbi linakumbuka kazi yake.
Tunalinyunyizia kwenye uzi, uzi tumeuzungushia
vipande vya bomba la fundi maji,
na Thora, mikono imempasuka kwa chumvi,
anahesabu mizunguko kwa sauti, kama muuza vitambaa.

Mimi nilifika North Ronaldsay na shahada na koti la kuazima.
Kisiwa hakina mti. Kina upepo,
na ukuta wa mawe matupu umekizunguka chote.
Nikauliza, nani alidhani bahari itazuiwa na mawe yasiyo na chokaa?
"Si bahari. Kondoo," akacheka.
"Nyasi ni za ng'ombe. Kondoo wakae nje, ufukweni, mwani ndio chakula chao."
Mgaagaa na upwa, nikasema,
na ikanibidi nimweleze ubaya wa wali mkavu.

Kwetu Micheweni mama alifunga mwani kwa taitai,
maji magotini, bamvua hadi bamvua.
Shina likigeuka jeupe alilishika kama mkono wa mgonjwa.
"Maji yamekuwa chai," alisema.
Hakuwa na kipimajoto. Kumbukumbu zake aliziweka kiunoni.
Mimi ninavyo kumi na viwili, vimefungwa kwenye kamba,
kila dakika ishirini vinaniandikia nyuzi za joto
(nyuzi za joto, nyuzi za mbegu: lugha yangu haikuona haja ya maneno mawili)
na katika daftari la Thora, miaka tisa,
mstari unapanda polepole, bila kubisha hodi.

Ndiyo maana ya uzi wa nne:
mbegu za kusini, wazazi waliozoea joto.

Januari, dhoruba siku tatu.
Ndege haikuja, wala meli, wala maziwa.
Siku ya nne tukatoka. Kamba ya kwanza ipo. Ya pili ipo.
Ya tatu imejisokota kama nywele zilizolaliwa mbichi.
Ya nne, boya tu, limekaa mwambani.

Uzi tuliukuta ufukweni. Kondoo saba wa kijivu.
Mmoja alikuwa akiuvuta kwa meno, taratibu,
kama fundi cherehani anayetafuta ncha.

Nilingoja Thora alie, au arushe jiwe.
Alipiga magoti kwenye kinyesi na povu,
akaokota kipande kilichosalia, akatoa rula.
Sentimita kumi na nane.
Zile nyingine, kumi na moja, hazizidi.
Akaandika, penseli ikitetemeka kwa baridi:
*Uzi wa nne. Umeota kuliko wote. Umeliwa.*

Usiku nikampigia mama. Nilitaka pole.
Akanyamaza kidogo, nikasikia redio yake,
kisha akauliza: "Mize, hao kondoo, walichagua?"
"Walichagua nini?"
"Tasi wakiingia shambani kwangu, huanza na ule mtamu.
Na hao, walikula uliokuwa karibu, au walipita mwingine wakaufuata huo?"

Sikuwa na jibu. Sikuwa hata na swali, yeye ndiye aliyekuwa nalo.
Nikaenda kibandani, nikaliandika ubaoni
chini ya orodha ya chumvi na chupa: *Walichagua?*

Asubuhi Thora alilisoma kwa shida, silabi moja moja.
Nikamfasiria. Akasimama muda mrefu, kofia bado kichwani.
Kisha akaniuliza mama anaamka saa ngapi.