Korongo

Nimerudi juzi, na leo alfajiri niko mfongoni.
Koti la safari nimelitundika kwenye mgomba,
mfukoni bado mna tiketi ya makumbusho.
Kiwale, aliyekuwa mgawa maji wa Uru,
ananipokea kwa jembe:
"Haya, Fuatael. Hispania kuna nini?"

Kuna daraja lisilovusha mtu.
Tao juu ya tao, jiwe, tofali, jiwe.
Warumi walilisimamisha livushe maji tu,
kisha Warumi wakaisha, na maji yakaisha.
Juu wamebaki makorongo, viota kama matenga,
wanagonganisha midomo mchana kutwa
utadhani kuna mtu anachanja kuni.

"Korongo juu ya daraja?" Kiwale anacheka.
"La kwetu liko chini, na lina nyoka."

Dada yangu, Sista Aikande, mwaka wa kumi na mmoja huko,
aliniteremsha chini ya kanisa la Merida:
altare juu ya kaburi, kaburi juu ya sakafu
ya nyumba ya Mrumi asiyejulikana jina.
Tulilipa kuingia. Nikapiga hesabu kwa kahawa,
kilo ngapi. Nikanyamaza.
Kwetu babu amelala hapo mgombani,
ukitaka kumwona unasogeza mbuzi, unapita.

Tulipotoka juani akaniuliza,
kwa Kichaga kilichoanza kushika kutu:
"Mfongo wa nyumbani bado unapita?"
Nikasema, unapita.
Mungu anisamehe, hata mlango wa kanisa
ulikuwa haujajifunga nyuma yetu.

Haujapita tangu masika ya mwaka juzi.
Pale korongoni, gogo walilochonga kina babu,
lililobeba maji hewani kama mtoto mgongoni,
lilioza, likaanguka,
na kila mwenye kihamba akanunua tangi lake,
akaweka na kufuli.

Kwa hiyo, Kiwale, sikuja kusimulia.
Shika upande huo wa bomba. Taratibu.
Tope limenifika magotini, lina baridi ya mlima.
Tao letu ni moja, la plastiki, limepinda,
tumelifunga kwa waya wa banda la kuku.
Korongo lolote likitua hapa tumekwisha.

Saa kumi na robo, maji yamevuka.
Machafu. Yana majani, yana ndara ya mtoto.
Nimepiga picha, imetoka na kidole changu.
Nimemtumia Aikande hivyo hivyo,
sikuandika neno.